Mtihani wa Bomba la Jikoni

Nimesumbuliwa vya kutosha. Tangu mwezi uliopita mjukuu wangu ananijia na daftari na kalamu mbili, moja ya akiba, kana kwamba mimi ni karani wa mahakama. Bibi andika, bibi wewe ndiye uliyeona. Nilimwambia mimi herufi nilizipata ukubwani, tena kwa kuchungulia madaftari ya mwanangu, na nikiandika ukurasa mmoja mkono unauma kama nimetwanga gunia zima. Wao wana vyeti, kwa nini wasiandike wenyewe? Wakasema wakiandika wao kila mmoja atajipendelea. Hilo nimelikubali, maana nawajua. Basi naandika. Ila anayetaka kunisahihisha herufi ajue kwamba mwanangu mwenyewe, ambaye kusahihisha ndiyo kazi yake, hathubutu.

Huyo mwanangu ndiye Mwalimu wa habari hii. Nimemzaa mimi, kwa hiyo nikimcheka nina haki. Habari yenyewe ni ya binti yake wa pekee. Mimi nakaa chumba cha uani, ng'ambo ya kamba za nguo. Yaliyopita mbele yangu nimeyaona, na mengine nimesimuliwa na wote watatu, baba, mama na mtoto, kila mmoja kwa wakati wake, nikayachekecha nikatupa makapi.

Mtoto mtaa mzima ulimwita Chokonozi, na jina hakulipewa kwa kuonewa. Alikuwa na miaka sita alipokitoa kitasa cha mlango wa choo kwa kisu cha siagi, baba yake mdogo akiwa ndani. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka tu kuona kile kinachogonga ndani ya kitasa kinakaa wapi. Baba mdogo alikaa humo mpaka adhuhuri, kwanza akiimba, kisha akikemea, kisha akiahidi pipi. Chokonozi alikirudisha kitasa mwenyewe bila kusaidiwa na mtu, ila alikirudisha kichwa chini, na mpaka leo mlango ule hufunguliwa kwa kupandisha mkono badala ya kushusha. Wenyeji tumezoea. Mgeni aliyekunywa chai nyingi ndiye hujuta.

Nyumba ile iliendeshwa kwa mitihani. Mwalimu alifundisha hisabati shule ya sekondari, na kalamu nyekundu ilikuwa imeota mfukoni mwake kama jino la ukubwani. Chokonozi alipotaka paka hakuambiwa ndiyo wala hapana. Aliletewa karatasi: taja faida nne za paka, taja hasara tatu, kokotoa maziwa atakayokunywa kwa mwaka. Akapata arobaini na nane, paka akakataliwa. Akarudia baada ya wiki mbili, akapata sabini na moja, na paka akaingia kwa mlango wa mbele kama mheshimiwa. Mama mtu naye alipotaka kabati lihamie ukuta wa pili, aliletewa karatasi yake. Mama huyu ni dobi wa hospitali, mikono yake hukunja shuka za vitanda tisini kwa siku. Aliitazama ile karatasi, akalihamisha kabati peke yake, kisha akaikunja karatasi mara nne akaisukumiza chini ya mguu wa kabati uliokuwa mfupi. Mwalimu akamwandikia sifuri. Kabati halikurudi lilikotoka.

Lakini nisimsingizie mwanangu. Alama ya mtu hakuichezea hata siku moja. Chokonozi alipokuwa darasani kwake alipata thelathini na tisa, na kufaulu kulianzia arobaini. Mtoto alilia kutoka shuleni mpaka nyumbani. Baba alimshikia mkoba, akamnunulia leso njiani, akamwambia pole mwanangu, nami nimeumia. Thelathini na tisa ikabaki thelathini na tisa. Mtu wa namna hiyo hata ukimkasirikia huwezi kumtukana vizuri.

Sasa, mtoto akamaliza sekondari. Matokeo yalipotoka alikuwa amefaulu hata ile hisabati, na Mwalimu alitembea mtaani siku mbili bila safari, akisalimia hata watu aliokuwa amenuniana nao. Alikuwa keshatangaza kitambo kwamba binti yake ataendelea na masomo ya juu, miaka miwili zaidi darasani, halafu chuo kikuu, halafu aitwe mhandisi. Muuza magazeti alijua. Kinyozi alijua. Aliyekuwa hajui ni Chokonozi.

Maana barua zilikuja mbili. Moja ilitoka kwenye shule ya masomo ya juu, aliyoiomba baba yake. Nyingine ilitoka chuo cha ufundi, fani ya bomba, aliyoiomba mwenyewe kimyakimya kwa anwani ya hospitali anakofanya kazi mama yake. Zote zilitaka kitu kilekile: fomu yenye sahihi ya mzazi, na cheti halisi kiambatanishwe, mwisho wa kutuma Jumanne saa kumi alasiri. Atakayechelewa nafasi yake inakwenda kwa mwingine. Na cheti halisi, mnajua, mtu hupewa kimoja tu. Hakigawanyiki kama mkate.

Mwalimu aliisoma barua ya ufundi akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa. Hakupiga kelele. Alisema ufundi si kitu cha kusomea. Ufundi ni kumwangalia mtu anavyoshika na wewe ukashika. Alisema fundi ni mtu aliyekosa pa kwenda, na mtoto wake anapo pa kwenda. Kama anapenda maji, basi asomee uhandisi wa maji, awe anakaa ofisini na kuwaagiza hao mafundi.

Chokonozi akauliza, nitawaagiza nini nisichokijua, na wakinicheka nitawafanya nini. Baba akasema huo si ubishi wa kumalizwa kwa mdomo. Na kila aliyekuwa mezani akajua kinachofuata.

Jumamosi saa tatu asubuhi meza ilifutwa, saa ya ukutani ikashushwa ikawekwa mbele ya mtahiniwa, na karatasi ikafunguliwa. Swali lilikuwa moja: Elimu ya darasani ni bora kuliko elimu ya ufundi. Jadili. Alama mia, kufaulu ni sitini, muda saa mbili. Chokonozi alinambia baadaye kwamba alipoliona swali alijua limekwisha kujijibu lenyewe, limemwachia yeye kazi ya kulipigia makofi. Akaandika hata hivyo. Aliandika kurasa tano. Baba akasahihisha chumbani, mlango umefungwa, akatoka saa nane na sura ya mtu aliyetoka mazikoni.

Alama hamsini na nane. Pembeni ameandika: hoja nzuri, ushahidi haba.

Mama mtu ndipo aliposema. Huyu si mwanamke wa maneno mengi. Alikuwa ananyunyizia maji sare zake ili azipige pasi, na hakuinua kichwa.

"Alama mbili, Mwalimu."

"Ndizo zilizokosekana."

"Mimi nafua mwaka wa ishirini na mbili sasa. Maji ninayofulia yanaletwa na hao unaowaita waliokosa pa kwenda. Siku wasipokuja, madaktari wako wote hulala kwenye shuka chafu."

Mwalimu akasema huo ndio ushahidi uliotakiwa kwenye karatasi, sasa muda umekwisha. Na kweli alikuwa na uchungu, maana chai yake aliiacha ikapoa, na mwanangu huyo hajawahi kuiacha chai tangu aote meno. Lakini fomu ya masomo ya juu aliichukua, akaweka sahihi yake, akaitia kwenye bahasha pamoja na kile cheti. Hakuigundisha. Akasema atapita nayo posta Jumatatu.

Mtoto mwingine angelala kifudifudi akalia. Chokonozi alikuja kwangu akakaa kwenye kigoda, akawa anakichokoa kile kigoda msumari uliolegea. Nikamwambia akikivunja atanilipa. Akaondoka. Jumapili asubuhi, watu wako mezani, akamuuliza baba yake kwa sauti ya mtoto mwema kabisa, ile sauti ambayo ningekuwa mimi ningekimbia:

"Baba, wanafunzi wakikwambia hisabati ni upuuzi, huwa unawajibu nini?"

Mwalimu akafurahi kuulizwa. Akasema huwajibu kwamba asiyekaa mtihani wa somo hana haki ya kulidharau somo hilo.

"Na wa bomba ulikaa lini?"

Mama mtu akatazama ndani ya kikombe chake kama kuna samaki. Mwalimu akatafuna mkate, akatafuna, akameza. Alikuwa amefungwa kwa kamba aliyoisokota mwenyewe, na sisi tuliomjua tulijua hataikata, kwa sababu ni kamba nzuri.

"Tunga," akasema.

Wakapatana. Baba akipata sitini, bahasha inakwenda posta na mjadala umezikwa. Akikosa, itabidi akiri kwamba bomba ni somo, na karatasi ya jana ataisoma upya. Upya, akasisitiza, si kuongeza alama. Chokonozi akasema hataki za kuongezewa.

Mtihani ulikuwa bomba la jikoni. Bomba lile lilikuwa likidondoka mwaka wa pili, tone baada ya tone, na walikuwa wamelifunga uzi mdomoni ili tone liteleze kwa uzi lisipige kelele kwenye beseni. Hiyo ndiyo ilikuwa akili ya nyumba yenye vyeti. Chokonozi aliandika karatasi yake kwa mwandiko safi: Bomba hili linavuja. Litengeneze. Alama 100. Muda: saa moja. Juu yake akanakili maelekezo neno kwa neno kutoka kwenye mitihani ya baba yake. Hairuhusiwi kuzungumza. Mtahiniwa mwenye swali anyooshe mkono. Msimamizi hatatoa msaada wa aina yoyote.

Hapo ndipo pabaya palipoanzia, na nyumba nyingine isingeharibikia hapo. Nyumba nyingine mtu angekosea, mwenzake angepiga ukelele, mambo yakaisha. Lakini hawa ni watu wa mitihani.

Mwalimu aliingia chumba cha mtihani, yaani jikoni, saa nne kamili. Alikuwa amevaa fulana na suruali ya zamani, na ameazima spana kwa jirani yao, dereva wa lori. Kalamu nyekundu alikuwa ameitoa, kwa kuwa mtahiniwa haruhusiwi kuwa nayo. Msimamizi alikaa kwenye stuli mlangoni, mikono ameikunja. Mama alisimama nyuma yake kama msimamizi msaidizi. Mimi niliegemea dirisha kwa nje, na sikuwa na cheo chochote.

Alianza vizuri. Alilizunguka bomba, akalikagua, akaukata ule uzi. Akaijaribu spana, ikaingia sawasawa. Akatutazama kwa jicho la mtu ambaye alishasema. Kisha akaanza kufungua kichwa cha bomba, na maji hajayafunga.

Mama aliona. Mdomo ukafunguka, akakumbuka ni msimamizi msaidizi, akaufunga kwa mkono. Chokonozi aliona pia, na hapa wawili wanatofautiana: yeye anaapa kwamba alitaka kusema na sheria ikamzuia, mama yake anasema alimwona akitabasamu. Mimi nilikuwa dirishani. Namwamini mama yake.

Kichwa cha bomba kiliruka kikagonga dari. Maji yakapanda nyuma yake wima, manene kama mkono wa mtu, yakapiga dari yakarudi yakiwa mvua. Mwalimu aliziba kwa viganja, maji yakatoka pembeni yakampiga shingoni, akaziba kwa kiwiko, yakamwingia fulana. Na katikati ya gharika ile, haki ya Mungu naandika nilichokiona, mwanangu mtu mzima alinyoosha mkono wa kulia juu, akangoja kuitwa.

"Mtahiniwa ana swali?" akauliza msimamizi.

"Maji yanafungwa wapi?"

"Soma maelekezo namba tatu."

Hapo uvumilivu wa msimamizi msaidizi uliisha. Alimsukuma binti yake kutoka kwenye stuli, akasema mtihani umefutwa, nenda kafunge maji. Na Chokonozi alitoka mbio akiwa na furaha yake yote, kwa sababu hiyo ndiyo nafasi aliyokuwa akiiota, aokoe nyumba mbele ya baba yake. Alijua uani kuna shimo lenye mfuniko wa chuma na ndani yake koki. Akaufunua, akaikamata koki kwa mikono miwili, akaizungusha mpaka ikagoma.

Jikoni maji yaliendelea vilevile. Yaliyokatika yalikuwa ya jirani. Yule dereva wa lori alitokea ukutani kichwa na mabega, sabuni imemfunika macho, akauliza kwa utulivu mkubwa nani amemchukia kiasi hicho.

Chokonozi akaifungua tena. Akazunguka nyumba mara mbili akitafuta koki nyingine. Akarudi jikoni akachonga mti wa mwiko auzibe mdomo wa bomba, maji yakautema mwiko ukatua sebuleni. Akajaribu gunzi. Akajaribu shuka. Maji yakavuka kizingiti, yakaingia sebuleni, na sebuleni sakafuni palikuwa na marundo mawili ya karatasi za mitihani za wanafunzi, zote zimesahihishwa, wino mwekundu.

Aliyekwenda kumwita fundi ni mimi, nikiwa na mguu wangu huu mbovu. Fundi bomba wa mtaa wetu walimwita Kimya, na alikuwa akitengeneza baiskeli yake nyumba ya nne. Alikuja akitembea. Nikamhimiza, akatembea vilevile. Alifika mlangoni, akasimama maji yakimpita miguuni, akatazama kwanza dari, kisha sakafu, kisha wale watatu walioloana kama vifaranga.

"Koki kuu iko wapi?"

Mwalimu akamtazama mkewe, mkewe akamtazama Chokonozi, Chokonozi akatazama maji. Miaka kumi na minne wamekaa nyumba ile.

Kimya akatoka nje. Akatembea kando ya ukuta akigonga chini kwa kisigino, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa. Alipofika kwenye sakafu ya kufulia akasogeza kopo la maua ambalo mama mtu huliondoa kila Ijumaa kulimwagilia na kulirudisha palepale. Chini yake palikuwa na koki, ambayo mama mtu aliiona kila Ijumaa asijue ni ya nini. Akaifunga kwa vidole viwili. Ndani ya nyumba kukawa kimya mpaka tukasikia paka akilalamika juu ya kabati.

Akarudi, akauliza nani aliyefungua bomba bila kufunga maji. Mwalimu akanyoosha mkono. Akaulizwa anafanya kazi gani, akasema ualimu. Kimya akasema ahaa, na kwa jinsi ninavyomjua hiyo ilikuwa hotuba. Kisha akatoa mfukoni kampira kadogo kama ukucha wa kidole gumba, akakaingiza ndani ya kichwa cha bomba, akakaza, akaenda akafungua maji. Bomba halikudondosha hata tone. Miaka miwili ya uzi na beseni, na dawa yake ni ukucha.

Chokonozi alimfuata mpaka uani. Uso wote ulikuwa umemshuka. Akamuuliza, fundi, umejuaje iko pale?

Hapo Kimya alisema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema kwa mwaka mzima.

"Bomba likiingia nyumbani hupita njia fupi, na fundi aliyejenga hizi nyumba alikuwa mvivu. Ukijua mtaro uko wapi na jiko liko wapi, unajua. Lakini mimi hilo lilinichukua miaka kumi na mmoja. Sikuwa na wa kunifundisha. Nimewafurikisha watu wengi wewe hujazaliwa. Wengine hatusalimiani mpaka leo."

Mchana ule nyumba haikupika. Mama mtu alizikusanya zile karatasi za wanafunzi, akazianika moja moja kwenye kamba zake kwa vibanio, na zilipoanza kukauka akazipiga pasi ya moto mdogo kwa kitambaa juu, kama anavyofanya kola za wakubwa. Majibu ya wanafunzi yalisalimika kwa kuwa waliandika kwa kalamu ya risasi. Alama za Mwalimu ndizo zilizoyeyuka, zote zikawa rangi ya waridi. Ilibidi asahihishe upya karatasi mia moja na kumi, na sikumwonea huruma.

Jioni, jua halijazama, akakaa kibarazani na blanketi mabegani, akamwambia Chokonozi alete matokeo. Binti akasema mtihani ulifutwa. Baba akasema mtihani haufutwi kwa sababu mtahiniwa amelowa, asahihishe. Akampa kalamu nyekundu. Ni mara ya kwanza kuiona kalamu ile mkononi mwa mtu mwingine, na binti aliishika kama kaa la moto.

Akasahihisha. Kuchagua spana inayoingia, tano. Kukagua kabla ya kugusa, nne. Kunyoosha mkono, mbili. Kutengeneza bomba, hakuna. Kufunga maji, hakuna. Jumla akaandika kumi na mbili. Mwalimu akaipokea karatasi, akaipitia kwa kidole, akasema:

"Umejumlisha vibaya. Ni kumi na moja."

Akaikata mbili kwa mkono wake mwenyewe, akaandika moja.  Mwanangu yule tangu aanze shule hajawahi kupata kumi na moja katika kitu chochote. Mimi nilikuwa naanua nguo ambazo si zangu ili nisikie vizuri.

"Na wewe? Wewe unajipa ngapi?"

Chokonozi alitaka kuleta maneno. Akaona haya. "Nilifunga ya jirani, baba."

"Nimeuliza ngapi."

"Sifuri."

"Ulinambia hili unalipenda. Ulinambia unalijua."

"Nalipenda. Sikusema nalijua. Ningekuwa nalijua, chuo ningekiombea nini?"

 Nilimwona Mwalimu akiligeuza lile neno, akilitafuta kosa kama anavyofanya kwenye hesabu, akishuka nalo mstari kwa mstari, na hakulipata. Yeye alikuwa amesema ufundi hausomewi, ni kuangalia na kushika. Basi leo alikuwa ameshika. Na binti yake, mwenye kuangalia kila kitu tangu akiwa na miaka sita, naye alikuwa ameshika, na nyumba nzima ikaelea. Somo ambalo humpa mwalimu kumi na moja na mwanafunzi hodari sifuri, si somo la waliokosa pa kwenda. Haya sikuyasikia kwa mdomo wake. Lakini nimemzaa, najua anavyofikiri: yeye huheshimu kitu kimoja tu duniani, nacho ni kile kinachoweza kumfelisha.

Aliingia ndani akaitoa ile bahasha. Akakitoa cheti. Ile fomu ya masomo ya juu aliikunja, hakuichana. Akaiweka kwenye droo, akasema nafasi ile atapewa mtoto wa mtu na si dhambi. Akaiweka mezani fomu ya chuo cha ufundi. Ile karatasi ya hamsini na nane akaisoma upya kama alivyoahidi, kurasa zote tano, na nakuambieni hakuongeza hata moja. Hoja nzuri, akasema, ushahidi ulikuja baadaye. Kisha akaweka sahihi.

Fomu ile ilikuwa na mahali pa mzazi kueleza kwa nini mtoto wake apewe nafasi. Wazazi wengine, nasikia, huandika ana bidii, ana nidhamu, ana kipaji tangu utotoni. Mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: Amepata sifuri. Anahitaji kufundishwa.

Mkuu wa chuo aliisoma siku ya kwanza mbele ya wanafunzi wote, na kuanzia hapo Chokonozi akafa, akazaliwa Sifuri. Ameliandika mwenyewe kwenye sanduku lake la zana. Na huko chuoni asidhani mtu kwamba aliikimbia hisabati. Alikutana nayo kwenye miteremko ya maji machafu, kiasi gani bomba lishuke kwa kila hatua ili mzigo usikwame njiani, akapata thelathini na nne. Akarudi likizo amefyata mkia. Mwalimu alifuta meza kwa mikono miwili, akashusha saa ya ukutani, na tangu apate kazi sijamwona mwenye furaha kama wiki ile. Walikokotoa mavi ya mtaa mzima.

Sasa ni mwaka wa sita ana kazi. Mabomba ya hospitali ile anakofua mama yake yako mikononi mwake, na mama mtu akikosa maji humtumia ujumbe usio na salamu. Baba akiulizwa na kinyozi husema binti yake yuko kwenye mifumo ya maji, halafu hunyamaza haraka kabla hajaulizwa mifumo ipi. Mwacheni. Mtu hawezi kunyolewa kiburi chote kwa siku moja.

Na msije mkasema bibi amewatukana wasomi. Daktari aliyenitibu mguu hakujifunza kwa kutazama, na siku alipokuwa ananitibu nilifurahi sana kwamba amesoma. Nilichosema ni hiki nilichokiandika, msinisomee pembeni.

Sasa wewe uliyekaa ukasoma mpaka hapa huku unacheka, hebu niambie koki kuu ya nyumba yako iko wapi. Usitazame dari. Iweke karatasi hii chini, nenda ukaitafute, uizungushe uone kama bado inafunga, kisha uirudishe ilivyokuwa. Kama una mtoto anayemaliza shule mwaka huu, nenda naye, na atakayeiona kwanza ndiye atakayesema neno la kwanza kuhusu fomu. Halafu uje uniambie mlichokubaliana. Na uje na viatu vikavu, nimetoka kupiga deki.